Sanduku limejaa karatasi za rangi, lakini mkasi nauogopa

Dada mpendwa wa safu hii,

Salaam sana. Mimi ni mzee wa miaka 67, mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa karani wa hesabu: madaftari, safu za tarakimu, mistari ya rula, na kosa la senti moja linakukesha usiku kucha. Niliipenda kazi ile. Mambo ya sanaa niliyaacha shuleni, siku mwalimu wa kuchora alipoinua karatasi yangu mbele ya darasa na kusema mkono huu ni wa kubebea mizigo. Darasa zima lilicheka. Tangu hapo sikushika brashi, isipokuwa ya kupaka milango.

Mwaka jana mke wangu alijiunga na kikundi cha watu wa rika letu wanaotengeneza kolaji, yaani picha za vipande vya karatasi vilivyokatwa na kubandikwa, akaniomba nimsindikize kwa kuwa wanamaliza jioni. Nilikwenda nikidhani nitakaa pembeni nisome gazeti. Mwalimu akaniwekea karatasi kubwa na bakuli la wino. Hakutaka tuchore kitu chochote. Alitugawia miswaki ya zamani, vipande vya boksi, uzi, sifongo na vijiti, akasema tuache alama za kila namna, kwa haraka, bila kuuliza zinafanana na nini, kwani karatasi zote hizo baadaye zitakatwa na kubandikwa. Dada, nilichovya kipande cha boksi nikakiburuta. Kikaacha mstari mnene uliofifia na kukatikakatika kadiri wino ulivyokwisha. Nikataka kuuona tena. Nilipoinua kichwa, wenzangu walikuwa wanakusanya vifaa.

Sasa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi, na nina furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo tangu ujana. Lakini yapo yanayonitatiza.

La kwanza, siwezi kuzikata. Nina sanduku zima la karatasi, na kila nikishika mkasi naona ninaharibu. La pili, mara chache nilizojilazimisha, nilibandika vipande vya mraba vilivyojipanga safu kwa safu. Mke wangu alitazama akasema, "Hii ni leja." Hakusema kwa ubaya, ila lilinichoma. La tatu, mkono wangu wa kulia unatetemeka. Daktari ameupima, hakuna ugonjwa wa kutisha, lakini mstari mwembamba siwezi tena kuupiga. La nne ni mwanangu mkubwa. Alinikuta nina rangi mpaka viwikoni, akauliza, "Baba, haya yote ya nini?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo wageni wakibisha hodi nasukuma vitu vyangu chini ya meza.

Nikuulize basi: kwa umri huu, huu ni ubunifu kweli au ni kupoteza muda? Au nirudi kwanza nijifunze kuchora inavyotakiwa? Na dogo la mwisho: mwezi ujao kikundi kina siku ya kubadilishana karatasi. Kila mtu anakuja na fungu la zake na kuondoka na za wenzake. Mke wangu anataka twende. Mimi nawaza kujifanya naumwa.

Wako,
Karani Mstaafu

*

Kaka yangu Karani,

Salaam nimezipokea, na barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Nianze na mkasi, kwa sababu naona mengine mengi yamefungwa humo.

Jiulize kwa nini siku ile ya kwanza mkono wako ulikuwa huru hivyo. Hukuwa umefundishwa chochote bado. Kilichokufungua ni yale maneno ya mwalimu kwamba karatasi itakatwa. Hukuwa unatengeneza picha, ulikuwa unatengeneza malighafi. Karatasi inayosubiri mkasi haina sehemu mbaya, kwani sehemu mbaya ndiyo itakayoachwa pembeni, au itafunikwa, au itageuzwa juu chini na kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Ndiyo maana mtu aliyechekwa na darasa zima aliweza kuburuta boksi lenye wino bila hofu.

Sasa tazama yaliyotokea baadaye. Umeanza kuzihifadhi. Na karatasi ikishahifadhiwa inapanda cheo, inakuwa kazi iliyokamilika, na kazi iliyokamilika inadai iwe nzuri. Nakuambia hili kwa kusisitiza kwa sababu nimeliona kwa watu wengi: usipokata, hata asubuhi zako zitaanza kubadilika. Utaanza kuweka alama kwa tahadhari, ukiwaza hii nayo itaingia sandukuni, na ule uhuru uliouandika kwenye barua utaondoka kimyakimya. Mkasi ndio unaoulinda uhuru huo.

Basi ukate vipi? Usianze na karatasi unayoipenda. Toa tatu au nne zinazokuchosha, zile ulizozifanya siku ambayo mambo hayakwenda. Chukua kadibodi, kata katikati tundu la mraba, upana wake kama vidole vinne. Liweke juu ya karatasi na ulisogeze polepole. Utashangaa. Karatasi iliyoonekana vurugu tupu, ukiitazama kupitia tundu dogo, ina mahali ambapo mchirizi umekutana na doa, mahali ambapo wino umekauka ukaacha ukingo mweusi, mahali penye nafasi tupu iliyokaa vizuri. Zungushia penseli pale panapokuvutia, kata, weka kando. Usibandike kitu siku hiyo. Kazi ya siku hiyo ni kukata tu. Ukimaliza hizo za kuchosha, mkasi utakuwa umeuzoea, na zile unazozipenda hazitakutisha sana.

Na mkasi ukikataa kabisa, chana kwa mikono. Ukingo uliochanwa hauna unyoofu wa kukuhukumu. Karatasi iliyopakwa rangi upande mmoja, ukiichana, huacha ukanda mweupe kwenye ukingo wa kipande kimoja, na kingine hubaki bila ukanda huo. Jaribu kuvuta kuja kwako, kisha kwenda mbele, mpaka ujue ni namna gani inakupa weupe na namna gani hauonekani. Ukanda huo ni mstari wa bure, na huhitaji mkono usiotetemeka kuupata.

Nadhani kuna sababu nyingine inayokufanya uone unaharibu, na hii ni ya ufundi. Umeandika kwamba unaweka alama za kila namna. Naamini kila karatasi yako ina kelele kutoka pembe hadi pembe: madoa, mistari, michirizi, mikwaruzo, rangi nne au tano. Ukiiangalia nzima inapendeza. Ukiikata na kuiweka kando ya nyingine yenye kelele kama yake, zote mbili zinakufa, na wewe unadhani mkasi ndio uliozua. Tatizo ni kwamba hakuna aliyenyamaza ili mwingine asikike.

Kwa hiyo, kabla hujaongeza karatasi yoyote ya michoro, tumia asubuhi chache kutengeneza karatasi tulivu. Nyingine rangi moja tu, iliyopakwa kwa brashi pana. Nyingine nyeupe iliyochafuliwa kidogo kwa rangi ya kijivu iliyotiwa maji mengi. Nyingine nyeusi tupu. Halafu zilizo katikati: vitone vidogo vilivyo mbalimbali, au mistari myembamba ya rangi inayokaribiana na ya karatasi yenyewe. Mimi napenda fungu la mtu liwe na karatasi tulivu nyingi kuliko zenye kelele. Weka kipande chako cha mchirizi wa boksi, kidogo tu, katikati ya kijivu kitupu, kisha uniambie kama umekiharibu.

Na ukubwa wa alama uutofautishe. Wengi wetu mkono una kipimo chake, na alama zote zinatoka na unene uleule. Vunja kipimo hicho kwa makusudi. Siku moja fanya alama zinazohitaji bega zima: brashi ya kupakia ukuta, umesimama, karatasi iko sakafuni. Siku nyingine fanya alama za ncha ya kijiti cha kiberiti. Kuna zoezi ninalolipenda kuliko mengine: chagua kifaa kimoja tu kwa asubuhi nzima. Tuseme kitana. Kiburute kwenye rangi mbichi, kigongegonge, kipige muhuri kwa meno yake, kipitishe kwa mkono wa kushoto, kisha kwa macho yaliyofumbwa. Dakika za mwanzo utadhani umeshamaliza yote. Vumilia. Yale ambayo hukuyajua yanaanza kutoka baada ya hapo, ukishachoka kuwa hodari.

Sasa hiyo "leja". Nakuomba usiichukie. Umeitazama mistari na safu kwa miaka mingi kuliko wengine wanavyokaa kwenye ndoa. Jicho lako linajua safu inapokaa sawa na inapolegea, na hicho ni kitu ambacho mwenzako wa kikundi hawezi kukinunua. Alma Thomas wa Washington, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1891, alifundisha sanaa shuleni kwa miaka 35, akastaafu mwaka 1960. Michoro iliyompa jina aliifanya baada ya kustaafu, huku yabisi ikimsumbua mikono. Nayo ni nini? Ni vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, au kwa duara, na kati yao nyufa za rangi nyingine. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney mjini New York lilimfanyia maonyesho yake mwenyewe, wa kwanza kati ya wanawake Wamarekani weusi kupewa nafasi hiyo pale. Zitazame picha zake ukipata nafasi. Safu zake hazifanani na ukurasa wa hesabu, ingawa ni safu, kwa sababu hakuna kipande kinachorudia kingine sawasawa. Kimoja kimesogea, kingine kimenenepa, na pengo hapa ni pana kuliko pengo pale.

Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Panga safu zako kama unavyopenda, kisha ziguse. Kiondoe kipande kimoja uache pengo. Kimoja kifanye kikubwa mara tatu, kivamie nafasi ya jirani. Safu moja iporomoke chini ya ukurasa. Tengeneza karatasi mpya kwa kupiga mistari ya leja kwa ukingo wa kadibodi uliochovywa wino, bila kuchovya tena mpaka wino uishe, ili ukurasa uanze mweusi na uishie kufifia. Kama una kurasa za leja ambazo hazijatumika, hiyo ni hazina. Kurt Schwitters, Mjerumani, alijenga kolaji zake kwa tiketi za tramu, vifungashio na vikaratasi ambavyo watu walivitupa. Wewe una karatasi ambayo mkono wako unaifahamu. Angalia tu zisiwe kurasa zenye majina na mambo ya watu.

Ila leja au si leja, usibandike haraka. Hapa nadhani ndipo ugumu wako unapoanzia. Mtu wa hesabu anapenda kufunga ukurasa. Panga vipande bila gundi, ondoka, rudi, vihamishe. Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani mwaka 1941, akiwa na miaka 71, na baada ya hapo alikuwa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu kwa sehemu kubwa. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akazikata kwa mkasi moja kwa moja bila kuchora kwanza, na vipande vikabanwa ukutani kwa pini. Alivitazama, akaagiza kimoja kihamishwe, kingine kishushwe, mpaka akaridhika. Kwa njia hiyo alifanya baadhi ya kazi zake kubwa kabisa, mpaka alipofariki mwaka 1954. Huna haja ya ukuta mzima. Kipande cha boksi na pini za kawaida vinatosha, na mkeo akipita anaweza kusogeza kimoja bila kosa.

Matisse huyohuyo anifikishe kwenye mkono wako. Katika miaka hiyo ya mwisho, alipotaka kuchora mambo makubwa, alifunga kipande cha mkaa kwenye ncha ya fito ndefu ya mwanzi akachora nacho ukutani kutoka alipokuwa. Fikiria ncha ya fito kama hiyo inavyoyumba. Kidole kikisogea kidogo, mkaa unasogea sana. Alijua hilo, na bado akaichagua njia hiyo, na michoro yake ina uhai wake.

Kaka, mtetemo wako ni alama ambayo mimi na mwalimu wako hatuwezi kuitengeneza. Nikijaribu kutetemesha mkono wangu kwa makusudi, itaonekana naigiza. Wako ni wa kweli, na mstari unaotoka nao una mapigo ndani yake. Uache ufanye kazi. Chukua kalamu ya wino au kijiti, weka ncha kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, usiburute, subiri tu, kisha sogea polepole mno. Mkono wenyewe utaandika. Jaza ukurasa mzima kwa mstari mmoja wa namna hiyo. Mara moja moja ninapoona karatasi za watu waliozeeka na rangi, hizo ndizo ninazozitazama muda mrefu. Kwa kukata, tumia mkasi wenye matundu mapana ya vidole, na uzungushe karatasi badala ya kuzungusha mkono. Vifaa vyembamba vizungushie sifongo na uzi ili mshiko uwe mnene na vidole visichoke upesi. Umefanya vema kumwona daktari, na ukiona mtetemo unaongezeka au umebadilika, mrudie.

Kuhusu kurudi kujifunza kuchora kwanza: hapana. Ukitaka kujifunza kuchora kwa sababu unakupenda kuchora, jifunze, ni raha yake yenyewe. Lakini usikufanye kuwa kibali cha kuingilia kolaji. Ni kazi mbili tofauti. Katika kolaji unachofanya zaidi ni kuchagua: hiki kando ya kile, hiki juu ya kile, hiki kiondoke. Mwaka 1925 Max Ernst alitandika karatasi juu ya mbao za sakafu zilizochakaa, akasugua kwa penseli, na nyuzi za mbao zikajitokeza, naye akaanza kuona ndani yake misitu na viumbe. Mkono wake haukuchora zile nyuzi, ulisugua tu. Jaribu kwako: kikapu, ukili wa mkeka, ukuta wenye mikwaruzo, jani lililogeuzwa mishipa juu. Karatasi nyembamba na kalamu ya nta iliyolazwa ubavu. Hizo nazo zitakupa karatasi tulivu nzuri sana.

Yule mwalimu wako wa zamani alikosea, na sisemi hivyo ili kukufariji. Mtoto aliyedhihakiwa mbele ya darasa hakupewa nafasi ya kuonyesha lolote, kwa hiyo hakuna kilichopimwa siku ile. Naumia nikihesabu watu ninaowajua ambao sentensi moja ya mtu mzima iliwafungia mlango kwa miaka mingi. Uzuri ni kwamba alama za mchezo hazipitii mlango ule kabisa. Hakuna mfano wa kulinganisha nao, hakuna pua ya kuchorwa ikakaa vibaya. Ndiyo maana mwalimu wako wa sasa amewaanzishia hapo, na naona anajua kazi yake.

Umeuliza kama umechelewa. Mary Delany wa Uingereza alikuwa mjane wa miaka 72 hivi alipoanza kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi za rangi, vingine vidogo kiasi cha kuhitaji jicho kali, akivibandika juu ya karatasi nyeusi. Aliendelea kwa karibu miaka kumi, mpaka macho yalipomkatalia akiwa na miaka 82. Aliacha maua 985, na leo yapo katika jumba la makumbusho la British Museum. Niwe mkweli: alikuwa ameshatarizi na kukata karatasi tangu ujana, hakuanzia sifuri. Lakini wewe pia huanzii sifuri. Uvumilivu wa kukaa na kitu kimoja asubuhi hadi mchana, jicho linaloona kosa dogo, mkono uliozoea karatasi, vyote hivyo umevileta na pensheni yako. Kijana hana.

Na je, ni ubunifu kweli? Umeona mstari unaofifia ukataka kuuona tena, ukaburuta tena kuona utakuwaje. Mimi sijui ubunifu unaoanza kwa njia nyingine. Kama utafika ukutani kwa mtu au utabaki sandukuni ni habari tofauti.

Machache ya ufundi, yasije yakakuvunja moyo. Rangi ya akriliki ikikauka haitoki tena, kwa hiyo haitatapakaa ukiipaka gundi. Rangi za maji na wino mwingi hulowa upya, basi jaribu kwanza kwenye kipande kidogo, na gundi upake nyuma tu. Karatasi ya gazeti hugeuka njano na kukatikakatika. Itumie kwa mchezo, ila kwa kazi unayotaka idumu, ifunike yote kwa rangi au iache. Risiti za mashine maandishi yake hufifia yenyewe. Karatasi nyembamba ukiipaka gundi hujikunja mikononi, kwa hiyo paka gundi kwenye ubao wa chini, kisha uilaze juu na kuisukuma kutoka katikati kwenda pembeni. Ukishabandika, weka juu karatasi ya kuokea au plastiki, kisha vitabu vizito, ulaze usiku mmoja. Kolaji nyingi hujipinda kwa kukosa hatua hiyo tu. Na ukitumia mshumaa kuzuia rangi isishike, jambo ambalo linapendeza sana, kumbuka kwamba gundi nayo haishiki juu ya nta, basi kipande hicho kiwe cha juu kabisa.

Mwanao. Nadhani umemsikia vibaya, au labda umemsikia kwa masikio ya darasa lile lililocheka. "Haya yote ya nini?" linaweza kuwa swali la kawaida la mtu aliyemkuta baba yake katika hali asiyoijua. Hujawahi kumwonyesha upande huu, angeujua wapi? Usimtafutie sababu kubwa, na usimwambie ni mazoezi ya akili wala ni biashara utakayoianza. Siku akija tena, mpe kipande cha boksi na bakuli la wino, umwambie aburute. Akikataa, endelea na kazi yako akiwa hapohapo. Kinachonisumbua zaidi ni zile karatasi chini ya meza. Ukizificha, unamfundisha kila anayeingia kwamba kuna cha kuonea haya. Mtu mzima anaweza kucheza na akabaki na heshima yake yote. Wageni wakibisha hodi, nawa mikono, wakaribishe, na meza iache kama ilivyo. Atakayeuliza mjibu kwa ufupi: "Natengeneza karatasi za kolaji."

Mkeo ndiye aliyekuvuta kwenye jambo hili, naye bado anakaa nalo pamoja nawe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwonyeshe kila unachokata, hata kabla hakijabandikwa, na ile "leja" mrudishie kwa kumwomba ahamishe kipande kimoja.

Sasa siku ya kubadilishana. Usijifanye unaumwa, tafadhali. Hiyo ndiyo dawa yenyewe ya mkasi. Karatasi ya mtu mwingine haina kumbukumbu ya asubuhi yako, utaikata bila kusita. Na yako mikononi mwa mwenzako itaenda mahali ambapo usingeipeleka kamwe. Ukipata nafasi ya kuona walivyoitumia, utajifunza kuhusu alama zako kuliko ninavyoweza kukueleza hapa.

Ukienda, usipeleke zile dhaifu tu. Kila karatasi utakayotoa ikate nusu kwanza, nusu ibaki kwako, nusu iende. Weka ndani ya fungu karatasi moja ya mtetemo na moja ya mistari inayofifia, kwa kuwa hizo hakuna mwenzako anayeweza kujitengenezea. Ukifika mezani, chagua karatasi za watu ambao mikono yao haifanani na wako: aliyejaza maua, aliyemwaga rangi bila mpaka, aliyetumia rangi ya waridi ambayo wewe usingeigusa. Na uchukue zilizo tulivu kama zipo, kwa sababu huwa zinabaki mezani na watu hawajui thamani yake. Ukirudi nyumbani, jioni ileile, kabla hujaziingiza sandukuni, kata tatu.

Dada yako wa safu hii